Kufufua kihamba kilichotelekezwa na kufuga kama familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo tumekuwa tukiulizwa na ndugu, majirani na marafiki tangu familia yetu iliporudi kwenye kihamba cha baba, upande wa Vunjo, baada ya miaka mingi ambayo hapakuwa na wa kukiangalia isipokuwa shangazi mmoja aliyekuja kuokota maparachichi na kukata mkungu wa kula. Majibu yanahusu miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika ukanda wa migomba na kahawa. Anayefufua shamba Njombe au Muheza huenda akapata la kumfaa, lakini apime kwanza, kwa kuwa mvua, udongo na taratibu za ukoo hutofautiana.

Kihamba ni nini, na kwa nini hakiitwi shamba tu?

Kihamba ni eneo la makazi na kilimo kwa pamoja, ambalo kwa kawaida halifiki hekta moja, na ambamo nyumba, makaburi ya wazee, migomba, kahawa, miti ya kivuli, mboga na mifugo ya ndani hukaa mahali pamoja. Shamba, kwa lugha ya kwetu, ni lile la tambarare, ambako familia hulima mahindi na maharage na kurudi jioni. Tofauti hii ina maana kubwa kwa anayetaka kufufua, kwa sababu kihamba hakikuundwa kwa zao moja: juu kuna miti kama mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na majani ya mifugo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Heshima hiyo haikuzuia vihamba vingine kugeuka vichaka, maana kahawa ilipoacha kulipa, vijana walikwenda Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, na wazee walibaki na nguvu za kupalilia mlangoni tu.

Tuanzie wapi: kwenye magugu au kwenye kikao cha familia?

Anzeni kwenye kikao, hata kama magugu yamefika dirishani. Kihamba ambacho mzee amefariki na mirathi haijafunguliwa ni mali ambayo kila mtoto anaihesabu kuwa yake, na anayeanza kutumia fedha zake hapo bila makubaliano anajenga ugomvi wa miaka kumi ijayo. Utaratibu wa kawaida ni ukoo kukaa, kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kuandika muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria, kisha kuupeleka Mahakama ya Mwanzo ili msimamizi athibitishwe. Baada ya hapo ndipo ugawaji, au uamuzi wa kutogawa, unaweza kuandikwa na kutambuliwa.

Jambo la mabinti lisipitwe kimya kimya. Kwa desturi za zamani kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Katika familia yetu dada ndiye anayekaa juu na kusimamia ng'ombe, na sisi tulio mijini tulilazimika kukiri kwamba haiwezekani mtu afanye kazi yote kisha aitwe mgeni. Makubaliano yakishapatikana, ulizeni katika ofisi ya kijiji juu ya hati ya hakimiliki ya kimila, na mpite kwenye mipaka pamoja na majirani wazee wangali hai. Mipaka ya masale, mimea inayopandwa kwetu kuonyesha mpaka, huonekana wazi kwa anayeijua, ila masale yaliyosongwa na lantana kwa miaka kumi na tano yanahitaji macho ya mtu aliyeyaona yakipandwa.

Je, tufyeke kila kitu tuanze upya?

Hapana, na hili ndilo kosa la kwanza la watu wanaokuja na fedha za likizo ya Desemba. Wanakodi vijana sita wenye mapanga, wanasafisha kihamba kwa siku tatu, wanapiga picha, na mvua za masika zinapofika udongo unateremka hadi kwa jirani wa chini. Vichaka vilivyoota vimekuwa vikiushikilia udongo huo. Mteremko ufunguliwe kwa vipande, kuanzia karibu na nyumba, na majani yaliyofyekwa yalazwe kwa mistari inayokinga mteremko badala ya kuchomwa moto.

Kabla ya kufyeka, tembeeni kihamba chote na kopo la rangi. Tieni alama kwenye kila mti wa kubaki, kila kahawa yenye shina zima, na kila kundi la migomba lenye uhai. Miti ya kivuli ipunguzwe matawi tu, kwa sababu kuipata mingine ni kazi ya miaka mingi, na kama kuna mti unaolazimika kukatwa, ombeni kibali kijijini kwanza hata kama umeota ndani ya mipaka yenu. Mti wa mbao ulioanguka kwa utata umewahi kugharimu watu zaidi ya thamani ya mbao zenyewe.

Katika kufyeka kuna mambo mawili ya kuzingatia kwa sababu ya mifugo itakayofuata. Lantana ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi, na majani ya mparachichi, ambayo yapo tele katika kila kihamba, yanaweza kudhuru kiwele na moyo wa mbuzi, kwa hiyo matawi yake yasitupwe bandani hata siku ya shida ya malisho. La pili ni vyuma: misumari, vipande vya waya na mifuko ya plastiki vilivyozagaa kuzunguka nyumba ya zamani vikichanganyika na majani humezwa na ng'ombe, na msumari uliokaa tumboni unaweza kutoboa kuelekea kwenye moyo. Sisi tuliokota ndoo mbili za misumari mahali palipokuwa na jiko la zamani.

Kahawa ya mzee ing'olewe au ifufuliwe?

Inategemea shina na mizizi, siyo majani. Mkahawa uliotelekezwa huwa mrefu, wenye matawi makavu chini na matunda machache kileleni, lakini ukikwangua gome karibu na ardhi ukakuta ukijani, mti huo unaweza kurudi. Njia ya kawaida ni kukata kisiki: baada ya kuvuna na kabla ya mvua, shina hukatwa kwa msumeno mkali, kwa mshazari ili maji yasitulie juu ya jeraha, kwenye kimo cha sentimita 30 hadi 45 hivi kutoka ardhini. Machipukizi mengi yatatoka, na kati yake huachwa mawili au matatu yenye nguvu, yaliyokaa mbalimbali. Mavuno yenye maana hurudi baada ya miaka miwili hivi. Msikate yote kwa pamoja. Kateni theluthi moja kila mwaka, ili familia isikae bila kahawa kabisa na ili mjifunze kwa makosa ya mistari michache.

Mikahawa ya kale ina ladha inayosifiwa lakini ni dhaifu kwa magonjwa mawili, chulebuni, unaoshambulia matunda, na kutu ya majani, ambayo dawa zake hula faida yote. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake Lyamungo, inatoa miche ya aina zinazovumilia magonjwa hayo, na inafundisha pia kubebesha vikonyo vya aina mpya juu ya visiki vya zamani. Pale ambapo shina limeoza, pandeni miche hiyo. Pale ambapo shina ni zima, hakuna haja ya kudharau mizizi iliyokwisha kushuka chini kabisa.

Na migomba iliyojazana?

Kundi la migomba lililoachwa huwa na mashina kumi au kumi na tano yanayogombania chakula, na mikungu yake huwa kama ngumi. Punguzeni hadi mitatu: mama mwenye mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu, na chagueni mjukuu wa upande mmoja katika mteremko ili kundi lisisogee ovyo. Majani makavu yaondolewe, na mashina yaliyovunwa yapasuliwe vipande, kwa kuwa shina zima linalooza hapo ndilo nyumba ya fukusi, mdudu anayetoboa migomba.

Mkitaka kujaza mapengo, chukueni machipukizi yenye majani membamba kama sime kutoka kwenye kundi lenye afya. Yamenyeni mizizi na tabaka la nje hadi weupe utokee, kisha yatumbukizeni katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 na kuyatoa mara moja. Njia hii ni rahisi, haihitaji dawa, na huua minyoo ya mizizi pamoja na mayai ya fukusi. Shimo la sentimita 60 kila upande, na debe moja au mawili ya samadi iliyoiva iliyochanganywa na udongo wa juu, vinatosha kwa mwanzo mzuri. Neno samadi linaturudisha kwenye swali ambalo hutuletea ubishi mwingi.

Kwa nini mnasema ng'ombe anunuliwe mwisho?

Kwa sababu sisi tulimnunua mwanzo. Tulipata mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwenye mimba, mwezi Oktoba, mweusi mwenye mabaka meupe, na ukoo mzima ukaja kumtazama. Wakati wa vuli majani yalikuwa yakitoka kila mahali, hata kando ya barabara, na tulijiona werevu. Januari ilipoingia na jua, kando ya barabara pakakauka, majirani wakaanza kulinda kingo zao, nasi tukawa tunanunua mabua ya mahindi yanayopandishwa kwa gari kutoka tambarare, kwa bei ambayo muuzaji alijua hatuna njia ya kuikataa. Alizaa salama, lakini maziwa yalikuwa lita tatu kwa siku, mbavu zikahesabika, na alikaa zaidi ya miezi minane bila kuonyesha joto, yaani dalili za kutaka dume. Maradhi hakuwa nayo. Alikuwa na njaa tu.

Hesabu yake ni hii. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu cha kilo 12 hivi kwa siku, na kwa kuwa majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, hiyo ni sawa na kilo 40 hadi 60 za majani yaliyokatwa, kutegemea mnaongeza pumba na mashudu kiasi gani. Tukichukua kilo 50, kwa mwaka ni zaidi ya tani 18, na zote zinapita juu ya kichwa au bega la mtu. Anakunywa pia kati ya lita 40 na 80 za maji kila siku, na akipungukiwa maji, maziwa hupungua siku ileile. Familia ambayo haijui tani hizo zitatoka wapi mwezi wa pili na mwezi wa tisa haijawa tayari kufuga ng'ombe, hata kama ina fedha za kumnunua.

Kwa hiyo mpangilio wetu wa sasa, na ushauri tunaotoa, ni huu: mwaka wa kwanza ni wa kikao, kufyeka kwa vipande na kupanda majani, kuku na mbuzi huja pale majani yanapoanza kukatwa, banda na maji hufuata, na ng'ombe huingia wakati hori lake limeshajaa.

Majani gani yapandwe, na wapi, kama kihamba ni ekari moja tu?

Matete, ambayo wengi huyaita majani ya tembo, hutoa wingi mkubwa kuliko mengine, na guatemala huvumilia kiangazi vizuri zaidi ingawa si laini sana mdomoni. Yote mawili hupandwa kwa vipande vya mashina au vya mizizi mwanzoni mwa mvua. Pandeni kwa mistari inayokinga mteremko, kwenye kingo za matuta, kwenye mipaka na kando ya mfereji, ili yazuie udongo huku yakilisha. Matete hukatwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu au minne, kisha kila baada ya wiki sita hadi nane, yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Wanaosubiri yafike mita mbili wanavuna miti. Acheni kisiki cha upana wa kiganja juu ya ardhi, na rudisheni samadi baada ya kila mkato, kwa kuwa matete hula rutuba kwa pupa.

Majani peke yake hayana protini ya kutosha kwa ng'ombe wa maziwa. Ongezeni mikunde: desmodiamu chini ya migomba, lukina na kaliandra kwenye mipaka. Vigomba vilivyokatwakatwa ni msaada wa kiangazi, lakini ni maji zaidi kuliko chakula, na ng'ombe aliyelishwa vigomba tupu hushiba bila kupata nguvu.

Hata mkipanda kila ukingo, ekari moja yenye migomba na kahawa haitamtosheleza ng'ombe mmoja mwaka mzima. Ndiyo maana shamba la tambarare lisiuzwe haraka. Mabua ya mahindi na majani ya maharage ya huko, yakikusanywa mara tu baada ya kuvuna na kuhifadhiwa mahali pakavu, ndiyo yanayovusha kiangazi.

Tununue ng'ombe wa aina gani, na wangapi?

Mmoja, kisha ndama wake. Chotara wa Friesian au Ayrshire na ng'ombe wa kienyeji anavumilia makosa ya mfugaji mpya kuliko ng'ombe halisi wa kizungu, na Jersey, kwa kuwa ana umbo dogo, hula kidogo na maziwa yake yana mafuta mengi, hivyo anafaa mahali ambapo majani ni ya kupimwa. Nunueni kwa mfugaji ambaye mnaweza kulitazama zizi lake na kumwona mama wa mtamba akikamuliwa. Mnadani mtaonyeshwa ngozi tu. Pimisheni pia ugonjwa wa kutupa mimba kabla ya kulipa, kwa sababu unaambukiza binadamu kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Dume la kupandisha si lazima. Uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu bila dume, unapatikana, na mbegu huzalishwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River. Kinachowashinda wengi ni kutambua joto, ambalo hurudi kila baada ya siku 21 hivi na kudumu chini ya siku moja. Ng'ombe aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, na aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Andikeni tarehe ukutani, maana kila joto linalopita bila kuonekana ni wiki tatu za kulisha bure.

Banda lijengwe wapi na vipi?

Lijengwe chini ya nyumba lakini juu ya migomba, ili samadi na mkojo viteremke vyenyewe badala ya kubebwa kupandishwa. Kila ng'ombe apate mahali pa kulala pa upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.5 hivi, sakafu ngumu yenye mteremko mdogo, hori ambalo halimruhusu kukanyaga chakula, na paa linalokinga mvua ya upepo. Mifereji ya paa iingize maji kwenye tangi. Ndama akae pake, pakavu, maana kifo chake mara nyingi huanzia kwenye matandiko yaliyolowa. Apewe dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa chache za kwanza, hata kama kuna mtu anayeipenda kupikwa.

Ng'ombe wa ndani anahitaji kuogeshwa?

Anahitaji, na wanaokataa hujuta. Kupe hupanda na majani yanayokatwa tambarare na kando ya njia, na kupe mmoja mwenye ndigana kali anatosha kumuua chotara katika wiki mbili au tatu: homa, tezi za chini ya masikio na mbele ya bega zinavimba, kisha pumzi inakuwa ya shida na povu puani. Dawa zipo, ila hufaa zikiwahi. Bora ni chanjo ya ndigana kali, inayotolewa mara moja katika maisha ya mnyama pamoja na dawa ya kuua vijidudu, na anayechanjwa huwekwa hereni ya sikioni. Chanjo hiyo haizuii ndigana baridi wala mkojo mwekundu, kwa hiyo kuogesha kuendelee.

Mengine ni kimeta, chambavu, ugonjwa wa miguu na midomo na mapele ya ngozi, ambayo yana chanjo zinazofuata ratiba ya daktari wa mifugo wa eneo. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikitoka puani au kinyesini asichunwe wala kuliwa. Ugonjwa wa kiwele, kwa upande wake, hauna chanjo ya kutegemea: kinga yake ni mikono safi, kitambaa safi, kukamua hadi mwisho, na kutazama michirizi ya kwanza ya maziwa kwenye kikombe cheusi. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Tunajua inauma kuyamwaga.

Kuku, mbuzi na nguruwe je?

Kuku wa kienyeji ndio walimu wazuri wa watoto na hawahitaji mtaji mkubwa. Adui wao ni mdondo, ambao unaweza kuondoa banda zima ndani ya wiki. Chanjo ya matone ya jichoni, tone moja kwa kila kuku kila baada ya miezi mitatu, ni nafuu kiasi kwamba hakuna udhuru. Mbuzi wa maziwa anafaa kwa familia yenye majani machache, banda lake likiinuliwa mita moja kutoka ardhini na sakafu ikawa na nafasi ndogo za kupitisha kinyesi. Nguruwe hukua haraka na soko la Moshi lipo, lakini homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na huingia kwa mabaki ya nyama yanayoletwa kama chakula au kwa viatu vya mgeni. Sisi hatufugi nguruwe. Jirani yetu anafuga na amefanikiwa, kwa kuwa hamruhusu hata mwenyekiti wa kanisa kuingia bandani.

Samadi itumike lini na kwa kiasi gani?

Ng'ombe mmoja hutoa kilo 20 hivi za kinyesi kwa siku, mbali na mabaki ya hori na mkojo. Irundikeni kwenye shimo au lundo lenye kivuli, muigeuze kila baada ya wiki kadhaa, na baada ya miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi isiyonuka. Iliyo mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu. Migomba ipewe kwanza, kisha kahawa iliyokatwa kisiki, kisha matete. Katika kihamba chetu mikungu ilianza kubadilika mwaka wa pili baada ya samadi, na hapo ndipo wale waliotuambia tununue mbolea ya dukani peke yake walipokuja kuomba debe moja. Wenye ng'ombe wawili wanaweza kufikiria mtambo mdogo wa gesi ya samadi, ambao hupunguza kuni na bado huacha tope zuri la kurutubisha.

Mfereji wa zamani umekauka. Unaweza kurudishwa?

Baadhi ndiyo. Mifereji ya Kilimanjaro ilichimbwa na koo mbalimbali na inaendeshwa kwa zamu na kazi ya pamoja, kwa hiyo asiyekwenda siku ya kuzibua hana mdomo wa kudai maji. Aliyehama miaka ishirini arudi kwa unyenyekevu, aulize kamati ya mfereji, aende na jembe lake. Kuchukua maji mtoni kwa bomba lako mwenyewe kunahitaji kibali cha ofisi ya bonde la maji la Pangani, na kunaharibu ujirani hata ukikipata. Pale ambapo mfereji umekufa kabisa, tangi la maji ya paa ndilo jibu la karibu.

Nani afanye kazi ikiwa wengi tuko mjini?

Kihamba hakiendeshwi kwa simu. Lazima awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua, anayelipwa au anayepata sehemu ya mapato inayojulikana, na wengine wachange bila kutoa amri za kila siku. Dada yetu huchukua maziwa yote ya asubuhi, na fedha zake hazijadiliwi kwenye kundi la familia. Ya jioni ni ya nyumba na ndama. Mapato ya kahawa na mitamba yanaandikwa kwenye daftari ambalo kila mtu analisoma Desemba. Kabla ya daftari tulikuwa tukigombana juu ya mambo ambayo hakuna aliyekuwa na uhakika nayo.

Kijana wa kukata majani apewe mkataba, mshahara wa tarehe inayojulikana, na mahali pa kulala panapofaa mtu. Umri wa chini wa kuajiriwa kisheria ni miaka 14, na hata huyo asipewe kazi inayomzuia shule au kumdhuru. Watoto wa nyumbani wakusanye mayai na kumchunga ndama, ila wasipewe mzigo wa majani alfajiri kisha wakategemewa kusoma.

Inachukua muda gani, na inalipa?

Majani hutoka ndani ya mwaka mmoja, migomba hunyooka ndani ya miaka miwili, kahawa iliyokatwa huzaa vizuri mwaka wa tatu, na mtamba aliyezaliwa kwenu huzaa akiwa na miaka miwili na nusu au mitatu akilishwa sawasawa. Katika miaka miwili ya kwanza fedha hutoka zaidi ya kuingia, na anayetarajia kinyume atauza ng'ombe katikati ya safari. Baada ya hapo maziwa hulipa matumizi ya kila siku, ndizi hulisha, na kahawa ni fedha ya msimu isiyofaa kuwekewa ahadi kubwa, kwa kuwa bei yake huamuliwa mbali na Moshi. Faida isiyoandikwa kwenye daftari letu ni mlo: mtori wa ndizi zetu na maziwa yetu yaliyochemshwa, wakati wowote mtu anapopanda.

Hatuna fedha za ng'ombe, lakini majani yameshaota. Tufanyeje?

Kuna njia mbili ambazo hazihitaji kukopa benki. Ya kwanza ni mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, unaoendeshwa na vikundi na mashirika ya dini katika maeneo mengi, ambapo familia hupewa mtamba na kulipa kwa kumkabidhi jirani ndama jike wa kwanza. Wapeanaji hukagua banda na majani kabla ya kutoa, hivyo aliyeanza na matete anakuwa mbele ya foleni.

Ya pili ni ya wazee wetu. Mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko majani yake humweka mmoja kwa jirani, na anayemlisha hupata maziwa na samadi, huku mwenye mali akibaki na ng'ombe, na ndama wakigawanywa kwa mapatano. Andikeni mapatano hayo mbele ya mashahidi wawili: nani anamlipa daktari, ndama wa ngapi ni wa nani, na nini kitafanyika ng'ombe akifa. Ng'ombe aliyetufufulia migomba hakuwa yule mtamba wa Oktoba bali alikuwa wa namna hii, wa mzee wa kijiji cha jirani, na ndama wake wa tatu ndiye tunayemkamua leo.